Kioo cha Kumi na Tatu

Nilikaa katika nchi ya Upeoni miezi minne, na tangu nirudi watu hawaachi kuniuliza nilifikaje. Njia si kitu. Waliopotea hufika, na wanaoitafuta kwa ramani hurudi na ramani zao mikononi. Ninayotaka kuyaandika ni yale niliyoyaona huko, na lile moja nililoliona nisiliseme.

Langoni hawakutaka hati. Ofisa mmoja alinitazama machoni, akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu kwamba natoka ng'ambo ya milima, kwamba nilikuwa mwalimu wa hesabu na sasa nimestaafu. Uso ukamshuka.

"Wa chini, basi," akasema, akaandika.

Kwao wageni ni wa aina mbili. Kuna wa chini, yaani sisi tunaotembea kwa miguu, na kuna wa juu, ambao bado hawajafika. Kwa ajili ya hao wa juu wamejenga Nyumba ya Wageni, jengo la matofali mekundu lenye vyumba mia tatu na kumi na viwili. Vitanda vyote vimetandikwa na mitungi ya maji hubadilishwa kila asubuhi. Nilipoliona, miguu ikiniuma, nikamwomba askari wa mlangoni chumba cha usiku mmoja. Alicheka bila ubaya.

"Mzee wangu, hii ni nyumba ya wageni."

"Na mimi je?"

"Wewe umeshafika."

Wakanipeleka kulala kwa Mwanatumu, Mtazamaji Mkuu wa nyota. Kwa cheo hicho nilitarajia jumba, nikakuta kibanda cha mabua kilichoegemea kilima, kwa sababu sheria inasema kila tofali la Upeoni ni la Nyumba ya Wageni, na mwananchi akionekana na tofali kwake huulizwa alilipata wapi. Aliyenipokea ni mumewe, Shaame, mchoma matofali, mtu mrefu mwenye mikono iliyobabuka.

"Karibu, mwalimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, kisha akakohoa mpaka akashika mwimo wa mlango.

Nililazwa upande wa pili wa ukuta wa mabua. Usiku ule nilikihesabu kikohozi chake, maana mwalimu wa hesabu hana tabia nyingine. Kulipokucha nilikuwa sijalala hata lepe.

Sasa nieleze habari ya Neema, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Kaskazini ya mji kuna nyota wanayoiita Taa ya Bondeni. Haipandi wala haitui. Hukaa palepale mwaka mzima, chini, juu kidogo ya bonde. Miaka ishirini na miwili iliyopita Mwanatumu, akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, aligundua kwamba kila siku ya tisa nyota hiyo hufifia kidogo, kisha ya kumi hurudi ilivyokuwa. Akafikiri sawasawa na ambavyo ningefikiri mimi: kuna kitu kinapita mbele yake. Kitu kinachopita kwa zamu isiyokosea ni ulimwengu unaoizunguka nyota yake, na mwaka wa ulimwengu huo ni siku tisa. Wakauita Neema. Walimbeba mabegani kutoka mnarani hadi sokoni, naye akicheka na kuwaomba wamshushe.

Yaliyofuata yalifanywa na Baraza. Ulimwengu wenye mwaka mfupi hivyo, walisema, uko karibu mno na nyota yake, kwa hiyo watu wake wanaungua. Watu wanaoungua watahama, na wanaohama huenda pale walipoonwa kwanza. Hoja ilipita kwa kauli moja. Hakuna aliyeuliza kama huko kuna watu, kwa kuwa lingekuwa swali la utovu wa adabu kwa wageni.

Nilihudhuria vikao kadhaa vya Baraza. Mjadala mkubwa wa mwaka huo, nao ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu uanze, ulihusu shikamoo. Nani amwamkie nani? Ikiwa mwaka wa Neema ni siku tisa, basi mtoto wa huko ambaye kwetu angekuwa na miaka miwili, kwao amekwisha kutimiza themanini na moja. Nilipiga hesabu pembeni ya gazeti, nikaona ni sahihi kabisa. Mzee Ngwali, mwenye miaka sabini na tisa, alisimama kwa mkongojo wake.

"Waheshimiwa, mimi simwamkii mtoto anyonyaye!"

"Mzee wetu, huyo amekuzidi miaka miwili," akamjibu Mheshimiwa Feruzi, Waziri wa Mapokezi. "Heshima ni kitu cha bure."

"Kama ni cha bure, mpeni yenu."

Wakaahirisha. Nilicheka sana siku ile. Nakiri kwamba mwanzoni nilicheka sana Upeoni, na ni rahisi kucheka ukiwa unalala kwa watu na kula chakula chao.

Mwanatumu hakuwa mtu wa vikao. Maisha yake yalikuwa ya kazi moja, tena ya kuchosha. Jua likishatua hupanda mnarani na sanduku la vioo ishirini vilivyotiwa weusi kidogo, vyote sawa. Huelekeza darubini kwenye Taa ya Bondeni, kisha huweka kioo kimoja baada ya kingine mbele ya jicho mpaka nyota isionekane. Siku za kawaida huzimwa na kioo cha kumi na nne. Siku ya Neema huzimwa na cha kumi na tatu. Huandika namba kitabuni, hupangusa vioo, hushuka. Kila jioni miaka ishirini na miwili, isipokuwa siku za mawingu, ambazo huandika "mawingu" na kushuka vilevile. Hakuwa akikata vitunguu, kwa amri ya serikali, na Shaame ndiye aliyekata. Wala hakuruhusiwa kulia. Chozi la Mtazamaji Mkuu limeandikwa katika sheria kuwa ni uharibifu wa mali ya umma, na adhabu yake ni kushushwa mnarani. Mama yake alipofariki, aliniambia, alikaa matangani siku tatu na macho makavu, na shangazi zake hawajamsamehe mpaka leo.

Alasiri moja alikuwa akichambua mchele uani nami nimekaa kibarazani. Shaame alikuwa kazini. Moshi wa tanuru ulikuwa ukipanda kutoka bondeni, mzito, ukilalia upande wa mnara.

"Mwalimu," akasema bila kuinua uso, "wewe ni mtu wa hesabu. Nisikilize, kisha uniambie kama nimechanganyikiwa."

"Sema, dada."

"Matofali hufinyangwa siku tano. Hukaushwa tatu. Ya tisa huchomwa."

Mkono wake ulikuwa bado ukichambua.

"Masika yaliyopita kuni zililowa. Wakachelewa kuwasha siku mbili. Na Neema nayo ikachelewa siku mbili. Baraza likasema wageni wetu wamepata dharura."

Nilitazama moshi. Kisha nikatazama kaskazini, mahali nyota ingekuwa kama isingekuwa mchana. Sikuhitaji kalamu. Tanuru lilikuwa limefunguliwa mwaka mmoja kabla ya Neema kugunduliwa, wakati huo kwa ajili ya nyumba za watu. Moshi wake ndio uliokuwa ukipita mbele ya nyota. Neema ilipopatikana, matofali yote yakaelekezwa kuwajengea watu wa Neema, na kila walipochoma matofali ya kuwajengea, Neema ikaonekana tena.

"Hujachanganyikiwa," nikamwambia.

"Ningependa ungeniambia nimechanganyikiwa." Akaweka ungo chini. "Mganga amesema kifua cha Shaame hakitauona mwaka mwingine wa moshi. Na mchoma matofali haruhusiwi kuacha kazi mpaka nyumba iishe. Na nyumba haiishi, mwalimu, maana kadiri ninavyoandika kumi na tatu ndivyo wanavyoongeza vyumba. Ni mkono wangu huu unaomuua mume wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilifurahi mno, sikutazama chini hata mara moja."

Wiki ile alisimama mbele ya Baraza. Nilishangazwa na unyenyekevu wa ombi lake. "Sisemi Neema haipo," alisema. "Naomba tanuru lipumzike zamu moja. Nyota ikififia bila moshi, nitaomba radhi mbele ya mji mzima."

Nilidhani watamzomea. Lakini Mheshimiwa Feruzi hakuwa mjinga, wala hakuwa katili. Ningefurahi leo kama ningeweza kumwita mmojawapo. Alikubali. Ila alisema Mtazamaji Mkuu ana mume tanuruni, kwa hiyo safari hii jicho lake lina jamaa. Sheria ya Upeoni inasema ushahidi wa mgeni wa chini una uzito wa wananchi saba, kwa kuwa hana ndugu wa kumpendelea. Basi vioo avihesabu mgeni. Sharti lilikuwa moja tu: shahidi aseme maneno "nina hakika". Asiye na hakika huhesabiwa ameunga mkono yaliyokuwapo.

Mwanatumu alinigeukia pale pale barazani, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

Tanuru likazimwa. Siku ya tatu Shaame alikula sahani mbili. Siku ya tano alikuwa akitengeneza ukuta wa mabua upande wangu, akiimba wimbo wenye beti nyingi na maana kidogo. Siku ya saba asubuhi akachungulia.

"Mwalimu, jana usiku nilikohoa?"

"Hukukohoa."

"Hata mara moja? Wewe si unahesabu?"

"Mara mbili. Lakini ndogo."

"Mara mbili!" akasema, akamwita mkewe kumpa habari kama mtu aliyepata mtoto.

Siku ya nane Mheshimiwa Feruzi alinialika kutembelea Nyumba ya Wageni. Hakuniahidi kitu wala hakunitisha. Alinipitisha kwenye korido safi mpaka chumba namba saba, na humo tulimkuta Bi Kazija, bibi mwembamba aliyekuwa akimimina maji kwenye mtungi. Waziri akaniambia kwamba bibi huyo alizika wanawe wawili mwaka mmoja, na akapewa chumba hicho akihudumie, na ndicho kilichomwinua kitandani. Yeye mwenyewe hakuzungumzia hayo. Aliniuliza swali moja.

"Mwanangu, wewe umetembea. Unadhani watapenda maji ya baridi au ya vuguvugu?"

Nikasema ya baridi. Kitanda kilikuwa na shuka nyeupe na godoro la pamba. Nilikibonyeza kwa kidole nikidhani hakuna anayeniona.

"Wahudumu kama yeye ni mia tatu," Feruzi akasema tulipotoka. "Sikuombi useme uongo, mwalimu. Nakuomba tu usiseme usilokuwa na hakika nalo."

Ni ombi ambalo mwalimu yeyote angelikubali. Niliwafundisha watoto wa watu miaka thelathini na nne maneno hayo hayo.

Jioni ya tisa mji mzima ulikuja chini ya mnara. Hapakuwa na moshi. Bonde lilikuwa safi, mtu angeweza kuhesabu miti ya upande wa pili kabla giza halijaingia. Nilipanda na Waziri, karani wa Baraza na Mwanatumu, aliyesimama kwenye ngazi kwa sababu hakuruhusiwa kukaribia darubini. Taa ya Bondeni ilikuwa kali. Nikaanza. Kioo cha kumi, cha kumi na moja, cha kumi na mbili. Nikaweka cha kumi na tatu.

Nyota ilikuwapo. Ilikuwa ndogo kama tundu la sindano, lakini ilikuwapo. Nilifumba jicho, nikalifumbua, nikaikuta imenisubiri. Nikaweka cha kumi na nne na ikazimika, kama ilivyotakiwa kuzimika jioni yoyote ambayo hakuna kitu kilichopita mbele yake. Nikakiondoa, ikarudi.

"Mgeni wetu," akasema Feruzi, "kwenye kioo cha kumi na tatu, nyota imezimika?"

"Naona kitu," nikasema.

"Una hakika?"

Nikatazama chini. Kwa mwanga wa taa za mnara nilimwona Bi Kazija na mtungi wake. Sijui kwa nini alikuja nao. Nikafikiri kwamba nina miaka sitini na minne na jicho la kushoto lina ukungu. Nikafikiri kwamba msomi hakurupuki. Nikafikiri kwamba mimi ni mpita njia, na mambo ya watu ni ya watu. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililohusika na swali nililoulizwa.

"Sina hakika," nikasema.

Karani akaandika. Chini wakapiga vigelegele. Mwanatumu alipanda ngazi mbili zilizobaki, akachukua vioo mikononi mwangu, akavipangusa kimoja kimoja, akavirudisha kwenye sanduku kwa mpango wake.

Kwa kuwa nimekuwa shahidi, nilipewa chumba namba saba kwa usiku ule, heshima ambayo hakuwahi kupewa wa chini yeyote. Maji yalikuwa ya baridi. Hapakuwa na mtu wa kukohoa upande wa pili wa ukuta. Nililala fofofo mpaka jua likanipiga usoni, na katika yote niliyoyafanya Upeoni, usingizi huo ndio unaoniumiza zaidi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa asubuhi ile ile, maana nilipofungua dirisha nilisikia harufu ya kuni.

Ili kufidia zamu iliyopotea, waliwasha matanuru mawili kwa pamoja. Jioni yake nyota ilizimwa na kioo cha kumi na mbili. Mji ulikesha ukicheza ngoma. Baraza likatangaza kwamba Neema imesogea, kwamba wageni wako njiani, na kwamba vyumba viongezwe mia moja kwa haraka. Matanuru yakawa mawili moja kwa moja.

Nilirudi kibandani kwa Shaame. Alinikaribisha vilevile, akanisogezea kigoda. Hakunilaumu hata kwa jicho.

"Macho ya uzeeni ni mtihani, mwalimu," alisema, akanipigapiga goti, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Nilifungua kinywa nimwambie. Akaanza kukohoa, nami nikasubiri amalize, na alipomaliza nikamletea maji badala ya maneno. Siku zile zilikuwa nyingi, nafasi zilikuwa nyingi, nami nilibeba maji mengi.

Alifariki zamu ya tatu ya matanuru mawili, saa nne asubuhi, akiwa amekaa mlangoni. Baraza lilituma rambirambi na, kwa hisani maalumu, matofali kumi na mawili ya kuzungushia kaburi. Mwanatumu aliyakataa. Ndiyo mara pekee niliyosikia mtu wa Upeoni akikataa tofali. Alikaa matangani na macho makavu kama sheria inavyotaka, na jioni ya mazishi alipanda mnarani, akaandika kumi na mbili, akashuka.

Niliaga siku ya nne. Alinisindikiza hadi barabara ya langoni, mchana kweupe, watu wakipita na vikapu vyao. Askari wawili walikuwa wamesimama kivulini. Tulipofika mahali pa kuachana akasimama.

"Mwalimu, ile jioni. Kioo cha kumi na tatu. Uliiona?"

"Niliiona."

"Ikiwaka?"

"Ikiwaka. Ndogo, lakini ikiwaka. Nikaweka cha kumi na nne ikazimika, nikakiondoa ikarudi. Nilikuwa na hakika, Mwanatumu. Nilikuwa na hakika kabisa."

Alitikisa kichwa polepole.

"Basi," akasema. "Nilitaka kujua tu kama macho yangu ni mazima."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, katikati ya barabara, kwa mumewe na kwa mama yake na kwa miaka ishirini na miwili, na watu wakasimama na vikapu vyao wakimtazama. Askari mmoja akatoa daftari. Nilimwona Mwanatumu akimwona, na hakujifuta. Mimi nilisema neno la pole ambalo hata mwenyewe sikulisikia, nikapita langoni. Yule ofisa alipiga muhuri daftarini mwake bila kunitazama machoni.

Kwetu nyota ile huonekana pia, chini kabisa, juu ya paa la jirani. Nimejitengenezea vioo kumi na vinne kwa vipande vya dirisha na masizi ya taa, ingawa mke wangu anasema nitaharibu hata jicho lililobaki. Kila siku ya tisa natoka uani kabla ya chakula cha jioni na kuvihesabu. Kwenye cha kumi na tatu bado inawaka. Husema kwa sauti, "Nina hakika," na mke wangu huniuliza kutoka jikoni nazungumza na nani.